Video haipati ubora mpya kwa kubadilishwa tu

Wengi huamini kwamba ukifuta .mkv mwishoni mwa jina la faili na kuandika .mp4, kazi imekwisha. Jina ndilo limebadilika, basi. MKV na MP4 ni makasha. Ndani yake mna sauti, na picha iliyobanwa kwa kodeki, yaani mbinu ya kubana video, mara nyingi ile iitwayo H.264. Kama programu yako inaikubali kodeki hiyo, hakuna haja ya kubana upya: FFmpeg, programu ya kubadilisha video kwa amri za kuandika, ikipewa amri ya -c copy huhamisha vyote kama vilivyo, filamu nzima kwa muda mfupi, bila kupoteza ubora hata kidogo. Halafu kuna anayeacha laptopu ichemke usiku kucha kwa kazi hiyo hiyo!

“Ongeza bitireti (data inayotumika kila sekunde ya video), picha itang'aa.” Wapi! Klipu iliyopita WhatsApp imeshakamuliwa. Ukiipa megabiti 20 kwa sekunde utakula megabaiti 150 kila dakika kwa ajili ya kutunza madoa yake. Mwombe aliyerekodi akutumie faili lenyewe kama dokumenti, lisikamuliwe tena.

Sauti kuachana na midomo si lazima simu iwe mbovu. Simu nyingi hupunguza kasi ya fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, penye giza, na programu za kuhariri hazipendi kasi inayoyumba. Kabla ya kuhariri, pitisha klipu kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, uchague kasi isiyobadilika.

Kinachonikera zaidi ni kanda za harusi za zamani. Bibi harusi akicheza, kingo za mikono yake zinatoka kama meno ya kitana, na mtu anatangaza kanda imeoza. Haijaoza. MiniDV, kanda ndogo ya kidijitali, ya mfumo wa televisheni wa PAL hurekodi fremu 25 kwa sekunde, mistari 576, lakini kila fremu ni nusu mbili (mstari mmoja huku, unaofuata kule) zilizopigwa kwa kupishana sehemu ya 50 ya sekunde, mkono umeshasogea. Zitenganishe kwanza kwa kichujio cha FFmpeg kiitwacho yadif au bwdif, zitoke fremu 50 ili mwendo ubaki laini. Ukitanguliza kukuza picha kuwa HD, mistari huchanganyika na kichujio hakitakusaidia tena. Pikseli za DV (muundo wa video ulio kwenye kanda hizo) nazo si mraba: kanda ya 4:3 yenye 720 kwa 576 itoe 768 kwa 576, la sivyo wageni wote watakonda. Na usifute faili la DV lenyewe, ingawa saa moja hula takriban gigabaiti 13.