Kikundi cha akapela chuoni: ni nini, na kinaimbaje bila kinanda

Akapela ni uimbaji wa sauti tupu, bila kinanda, gitaa wala ngoma. Kikundi cha akapela cha wanafunzi huwa na watu wachache, tuseme 4 hadi 16, wanaoingia kwa usaili, wanaojiongoza na kujipangia nyimbo wenyewe. Hapo ndipo kinapotofautiana na kwaya ya chuo. Kwaya hupokea karibu kila anayekuja, ina mwalimu anayesimama mbele, na mpiga kinanda wake huziba mapengo. Kwenye akapela hakuna wa kuziba: alto mmoja akipotea, ukumbi mzima umesikia.

Marekani vikundi hivi ni vya zamani. Whiffenpoofs wa Chuo Kikuu cha Yale walianza mwaka 1909. Mwanza njia ni nyingine. Wengi wanaofika SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) pale Malimbe au chuo cha afya cha Bugando wameshaimba kanisani na wanasoma solfa, yaani noti za doh, re, mi. Waliokulia kwenye kwateti za Kiadventista wamezoea kuimba bila ala. Waliozoea kinanda wana sauti nzuri vilevile, ila sikio lao limekuwa likiegemea ala, na kuliachisha huchukua wiki kadhaa.

Sauti ni zilezile nne za kwaya: soprano, alto, tena na besi. Idadi ndiyo inayokosewa. Watu wawili kwenye sauti moja ni mpangilio mgumu kuliko wote, kwa sababu wakitofautiana kidogo tu, tofauti hiyo inasikika wazi. Heri mmoja mmoja, au watatu watatu, maana wa tatu huwachanganya wakawa sauti moja. Watatu pia hupokezana pumzi: mmoja anavuta hewa katikati ya neno huku wengine wakishikilia, na msikilizaji hajui. Mkivuta wote mwisho wa mstari, wimbo unakatikakatika.

Kazi kubwa kuliko zote ni kutunza kii, yaani kimo cha doh mliyoanzia. Mwanzilishi huchukua noti kwenye filimbi ndogo au programu ya simu, huimba doh kwa sauti ya chini, na kila mmoja hutafuta noti yake kimyakimya kabla ya kuanza. Beti tatu baadaye, wimbo ulioanza doh ni G unaweza kumalizikia F kali (F#), nusu toni chini, na hakuna aliyehisi. Sababu zinajulikana. Mkishuka ngazi, watu huteremka kupita kiasi, mkipanda, hawafiki. Noti inayorudiwarudiwa huzama kila inaporudiwa. Pumzi ikiisha mwishoni mwa mstari, noti huishia chini. Kwa hiyo msihukumu kwa kuangalia mwisho wa wimbo peke yake: simamisheni kila baada ya ubeti, mpime doh kwa filimbi, mpaka mjue ni mstari upi unaowaangusha. Mara nyingi ni uleule kila siku. Wimbo wa doh ni F unaozama kila mara, jaribuni kuupandisha nusu toni. Dawa hii ya walimu wa kwaya huonekana ya ajabu, lakini mara nyingi husaidia.

Mi nayo ina ujanja wake. Mi inayotulia ndani ya doh-mi-soh ya sauti za watu iko chini kidogo ya mi ya kinanda, kama senti 14, ambapo nusu toni ni senti 100. Mwenye mi asikilize besi na soh, asikumbuke kinanda.

Baada ya hapo ndipo mpangilio. Ala zote sharti zipatikane mdomoni. Ukichukua wimbo wenye mwendo wa bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, ngoma kubwa inakwenda kwa besi kwa silabi kama “dum”, ndogo zinakwenda kwa mpiga ngoma ya mdomo, alto na tena wanabaki na “uu” ya chini. Wakigeuza “uu” kuwa “aa”, mdomo unafunguka na sauti inakua, hivyo “aa” iwekwe akiba kwa kiitikio. Vikundi vichanga humpa kila mtu maneno yote muda wote, na maneno yenyewe hayasikiki.

Kuhusu mahali: mchana upepo hutoka ziwani, kwa hiyo mkiimba nje uwe mgongoni mwenu uelekee kwa wasikilizaji. Jiwe kubwa nyuma yenu (na Mwanza mawe si haba) linarudisha sauti mbele. Chini ya bati mvua ikianza, subirini tu. Mkipewa maikrofoni mbili, moja ni ya ngoma ya mdomo, karibu kabisa na midomo. Nyingine isimame mita moja hivi mbele ya nusu duara, besi wakiwa katikati.

Tatizo la mwisho ni kalenda. Digrii nyingi ni miaka 3, kwa hiyo theluthi ya kikundi inaweza kuondoka kila mwaka. Bugando udaktari ni miaka 5, lakini wakianza wodi mazoezi ndiyo yanayokatwa kwanza. Ukibakiwa na besi mmoja wa mwaka wa tatu, usaili wa Novemba utafute besi kwanza, hata kama soprano nzuri zimepanga foleni. Na kabla UE (mitihani ya mwisho wa muhula) hazijafika, kila sauti irekodiwe peke yake kwenye simu, doh ikitajwa mwanzoni, ili wageni wajifunze wakati wakongwe wako field, kwenye mafunzo ya vitendo.