Kitabu cha programu cha zamani, utupe?

Jamani hii ya "kitabu cha kompyuta kikipita miaka mitano hakifai" naisikia tangu niko skuli mpaka leo hapa Unguja, na ina ukweli nusu tu. Cha kutengeneza app za Android cha 2012 kweli kishachacha, kinafundisha lugha ya programu ya Java, nao Google wenye Android toka 2019 wanatanguliza lugha nyengine, Kotlin, hata vitufe vya kwenye picha zake huvioni tena. Lakini cha lugha ya C cha Kernighan na Ritchie, toleo la 1988, watu wanakisoma bado, na Fred Brooks, mhandisi wa kompyuta, aliandika kwenye kitabu chake cha 1975 kuwa kazi ya softwea iliyochelewa ukiiongezea watu ndo inachelewa zaidi, haya nenda ofisi yoyote ukaone kama kimebadilika kitu. Mie cha Android nshakifungia maandazi, hicho cha C siazimi mtu.