Maji yanayovuka barabara ya Namanga ni malisho yetu

Anayesafiri kutoka Arusha kwenda Namanga wakati wa vuli anajua: mvua ikinyesha nusu saa tu, makorongo ya Longido yanafurika maji mekundu yanayokimbia kuvuka barabara. Kesho yake ingia malishoni, chokoa ardhi kwa fimbo. Chini ya kidole kimoja udongo ni mkavu. Mvua imepita, ng'ombe hakuachiwa kitu.

Tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 30 basi inamwaga lita 300,000 kwenye hekta moja, sawa na maboza 30 ya lita 10,000. Ardhi iliyokanyagwa na mifugo ikabaki uchi hufanya ganda gumu, na maji huteremka juu yake yakizoa samadi na mbegu.

Dawa yake ni jembe, sururu na beleshi. Tunachimba makinga maji ya nusu mwezi, upana wa mita 5 hivi, mdomo ukitazama juu ya mteremko, udongo ukirundikwa upande wa chini kuwa tuta. Mstari wa pili ukae kwenye mapengo ya mstari wa kwanza, kama magamba ya samaki, ili maji yanayoponyoka juu yadakwe chini.

Ncha mbili za tuta lazima ziwe kwenye kimo kimoja. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Niliwahi kusimamia uchimbaji tuliopima kwa macho. Mvua ya kwanza ilitafuta ncha iliyolala, ikapasua tuta. Maji ya tuta hilo yakapasua la pili, hadi bondeni. Jasho la kina mama waliochimba lilipotea, na kosa lilikuwa langu. Sasa sichimbi bila fremu A: miti miwili ya urefu sawa iliyofungwa kileleni, mmoja wa kukatiza, na kamba yenye jiwe. Kamba ikitulia kwenye alama ya katikati, miguu iko sawa.

Ndani ya nusu mwezi kwaruza udongo, mwaga mbegu za nyasi za asili kama Cenchrus ciliaris, kisha zifunike kidogo sana. Zikizama, hazioti.

Kufunga eneo mifugo isiingie ndiko kugumu kuliko kuchimba. Nashauri tuanzie kwenye alalili, malisho ambayo Wamaasai huwatengea ndama na mifugo dhaifu, kwa kuwa pale sauti ya wazee tayari inasikika. Msimu wa kwanza asiingie mnyama hadi nyasi zidondoshe mbegu.

Na korongo kubwa tusilikimbilie. Tuanze juu yake, ambako maji bado hayajapata nguvu. Kwa vijiji vinavyopanga kazi hii, chimbeni masika yanapoisha, mwezi Mei au Juni, udongo ukiwa bado na unyevu. Ikifika Septemba sururu inadunda.