Kinga ya kingo za mto ni nini hasa, na kwa nini ukuta mpya unalala kifudifudi

Ukisema "kinga ya kingo za mto" wengi picha inayowajia ni ukuta wa zege umesimama, maji yanagonga yanarudi, basi. Hiyo ni sehemu ndogo tu. Kuna kazi mbili hapa na watu wanazichanganya kila siku: kuzuia mto usile udongo wa ukingo wake, na kuzuia maji yakipanda yasimwagike nje ya njia yake. Ya kwanza ndo kinga ya ukingo yenyewe, ya pili ni kazi ya tuta la mafuriko. Mto unaweza kulimaliza shamba zima bila kufurika hata siku moja, na unaweza kufurika wiki nzima ukarudi zake ndani kingo ziko vilevile. Kwa hiyo kabla ya kuuliza tujenge nini, uliza kwanza tunazuia nini.

Tuangalie mto unavyokula. Kwenye kona maji yenye kasi yanasukumwa upande wa nje, ndo maana huko ukingo unasimama wima kama umekatwa na panga, wakati upande wa ndani maji yamepoa yanaacha mchanga. Ila hayaanzi kula kule juu unapopaona, yanaanza chini kwenye mguu wa ukingo, yanachimba taratibu mpaka udongo wa juu unabaki unaning'inia, afu siku moja unashuka wote kwa pamoja. Na kingine, kingo nyingi zinaporomoka mafuriko yakishaanza kupungua, sio yakiwa kileleni! Maji yakiwa juu udongo unalowa mpaka ndani lakini mto wenyewe unauegemea kwa mbele, sasa mto ukishuka ghafla ile egemeo haipo tena na udongo bado umebeba maji, mzito, unateleza.

Dawa ya zamani ambayo bado inatumika sana ni mawe ya kupanga au kumwaga kwenye mteremko, mawe yenye pembe yanayoshikana, sio yale ya mviringo yanayobiringika. Ukubwa wake haukisiwi kwa macho, maana kasi ya maji ikiongezeka mara 2, uzito wa jiwe ambalo maji yanaweza kulisogeza unapanda mara 64. Sio 2 wala 4, ni 64. Jiwe lililotulia kiangazi kizima linaweza kuondoka masika kama kokoto.

Pale mawe makubwa hayapatikani ndo inaingia gabioni, yaani kasha la waya lililojazwa mawe madogo ili yote yafanye kazi kama jiwe moja kubwa. Neno lenyewe asili yake ni Kitaliano, maana yake kizimba kikubwa, na huko Italia makasha ya waya yalianza kutumika miaka ya 1890 kwenye mto Reno karibu na Bologna. Wazo lakini ni la kale kuliko hapo, China kwenye Dujiangyan, mradi wa kudhibiti mto na kumwagilia wa karne ya 3 kabla ya Kristo walitumia vikapu virefu vya mianzi vilivyojazwa mawe. Uzuri wa gabioni ni kwamba maji yanapenya, hayajikusanyi nyuma yakausukuma ukuta, na ardhi ikizama kidogo kasha linapinda halipasuki kama zege. Waya nao unasokotwa ili ukikatika uzi mmoja wavu wote usifumuke. Ubaya wake ni kutu, na magogo yanayokuja na mafuriko yanachana wavu.

Sasa kwa nini ukuta mpya kabisa unaanguka? Ukiuangalia ulioanguka mara nyingi mawe ni mazima, waya mzima, kilichokimbia ni udongo wa chini yake au nyuma yake. Mto umechimba mguu ukuta ukalala kifudifudi, ndo maana mainjinia wanatandika mawe ya ziada mbele kwenye sakafu ya mto, maji yakichimba shimo yale mawe yanadondokea humo humo yanaliziba. Au hakukuwekwa kitambaa maalumu cha kuchuja nyuma ya mawe, kinachopitisha maji na kuzuia udongo, basi udongo unavuja kidogo kidogo kwenye mianya mpaka nyuma kunabaki pango. Au miisho ya ukuta haikuzamishwa ndani ya ukingo, maji yakazunguka kwa nyuma. Binafsi nikiona picha ya ukuta mpya naangalia miisho kwanza.

Kuna pia vizuizi vinavyotoka ukingoni kuingia mtoni kama vidole, vinausukuma mkondo mbali na ukingo. Vinafanya kazi, ila mkondo uliousukuma utaenda mahali, na mara nyingi ni kwa jirani wa ng'ambo. Nyasi zenye mizizi mirefu kama vetiva zinashika vizuri udongo wa juu, mguuni kwenye maji ya kasi hazitoshi peke yake.

Tuta la mafuriko lina matatizo yake. Maji yakilipita juu yanalikata kwa nyuma, na hata yasipofika juu yanaweza kupenya chini yake yakachomoza upande mkavu kama chemchemi yenye mchanga. Ukiiona hiyo usiizibe! Inazungushiwa pete ya mifuko ya mchanga ili maji yapande ndani ya pete, uzito wake upunguze kasi ya kutoka na mchanga uache kuhama.

Na tuta linaubana mto, maji yaliyokuwa yanatandaa sasa yanapanda. Mississippi kule Marekani walitegemea matuta peke yake mpaka mafuriko ya 1927 yakayapasua sehemu nyingi, baada ya hapo ndo wakaongeza njia za kuyapunguzia maji. Uholanzi nao mwaka 1995 walihamisha watu kama 250,000 wakihofia matuta ya mito, afu wakafanya kitu cha ajabu kidogo: pale Nijmegen kwenye mto Waal walilibomoa tuta wakalirudisha nyuma mita 350 na kuchimba mkondo wa pembeni, mto upate pa kutandaa.