Je, wajua aliyeandika maneno ya In the Mood ni damu ya kifalme ya Madagaska?

In the Mood, zile saksafoni zikianza tu unaijua hata kama jina lake limekutoka, na ukiuliza ni ya nani karibu wote watakwambia Glenn Miller, yule kiongozi wa bendi wa Marekani. Lakini ule wimbo una maneno jamani, na aliyeyaandika ni Andy Razaf, majina kamili Andriamanantena Paul Razafinkarefo.

Imekuwaje? Babu yake mzaa mama, John L. Waller, alizaliwa mtumwa Missouri, akasomea sheria, na 1891 Marekani ikampeleka Madagaska awe konsuli. Binti yake akaolewa hukohuko na mtu wa ukoo wa Malkia Ranavalona III. Mwaka 1895 Wafaransa wakavamia, babu wakamfunga, mume akafa, binti akarudi Marekani na mimba, na Desemba hiyohiyo Andy akazaliwa Washington.

New York alianza kwa kuendesha lifti kwenye jengo la wachapishaji wa nyimbo (mjanja huyo!) na 1913 wimbo wake wa kwanza ukaingia kwenye onyesho la Broadway, mtaa wa majumba makubwa ya maonyesho huko New York. Baadaye akashikana na mpiga piano Fats Waller, huyu msimchanganye na babu, wakatoa Ain't Misbehavin' 1929.

Sasa mbona jina halivumi? Zama za swing, ule muziki wa jazz wa kuchezwa na bendi kubwa, mwenye nyota alikuwa kiongozi wa bendi. Mara nyingi muziki ulianza bila maneno kabisa, wanamuziki wanaupika wenyewe, watu wanaucheza, ukishashika ndio mchapishaji anamtafuta mtu wa kuweka maneno ili waimbaji wapate cha kuimba na zile karatasi za nota ziuzike. Stompin' at the Savoy bendi ya Chick Webb iliirekodi 1934, maneno ya Razaf yakaja 1936, wakati huo watu washaizoea bila yeye. Na malipo nayo! In the Mood inasimuliwa alipewa dola 200 za mkupuo, basi, mrabaha hakuna, wakati ile sahani ya santuri ya Miller ilikuja kuuzwa mno.

Kwangu mimi kazi yake kubwa ni wimbo Black and Blue, wa 1929. Inasimuliwa jambazi Dutch Schultz, aliyeweka hela kwenye onyesho la Hot Chocolates, alitaka wimbo wa kuchekesha kuhusu dada mweusi tii anayelalamika hapendwi. Razaf akaanza hivyohivyo kama utani halafu akageuza ikawa malalamiko ya mtu mweusi anayeteswa kwa rangi yake, mbele ya mwenye bastola na hela zake, ile si mchezo. Mpiga tarumbeta Louis Armstrong akaichukua, na 1956 akaipiga Accra mbele ya Kwame Nkrumah.

Razaf mwenyewe aliingizwa kwenye Songwriters Hall of Fame, orodha ya heshima ya watunzi wa nyimbo, 1972, akafariki Februari 1973.