Usisuke Milulu Mibichi, na Mengine Tunayodanganyana Kuhusu Vikapu

Ukisema hapa Mbeya kwamba wewe ni msusi, swali la kwanza utakaloulizwa ni bei ya rasta. Ukieleza kuwa unasuka vikapu, mikeka na mazulia ya nguo chakavu, linakuja la pili: "Kwani hiyo nayo ni kazi?" Hayo nimeyazoea. Kinachonichosha ni ushauri unaofuata, maana kila mtu ana bibi aliyewahi kusuka, na kila mtu anakumbuka nusu ya alichosema bibi. Nusu hizo ziliniharibia kazi mwaka wangu wa kwanza wote.

"Milulu ikiwa mibichi ndiyo inasukika"

Hili naliweka mbele kwa sababu ndilo lililonitoa machozi. Milulu ni yale majani marefu ya mabonde yenye maji ambayo akina mama wa Kihehe husukia vikapu vya Iringa. Mzigo wangu wa kwanza niliupokea stendi ukiwa umekatwa juzi yake, wa kijani, laini, unapinda popote unapotaka. Nikafurahi kama mjinga. Nikasuka siku tatu, kikapu kikatoka kimebana hata dengu isingepenya. Wiki tatu baadaye kilikuwa chekecheke: matundu kila upande, kitako kinacheza, mdomo umepinda kama wa mtu aliyeng'olewa jino.

Jani bichi limejaa maji. Likikauka linanywea, na nafasi linayoiacha hakuna wa kuijaza. Ndiyo maana wenye kazi yao hukausha milulu kwanza mpaka ikauke kabisa, ndipo siku ya kusuka wanairudishia maji kidogo. Maji haya ya pili ni ya kulainisha tu. Jani lililokwisha kunywea halivimbi tena likafikia unene wake wa mwanzo, kwa hiyo kikapu kikikauka kinabaki kimeshikana.

Maji kiasi gani? Hapo ndipo penye ufundi wenyewe, na hakuna saa ya ukutani itakayokusaidia. Mama mmoja wa Kalenga aliniambia milulu isiwe na kiu wala isiwe imelewa. Mimi nachovya, natoa, nafunga kwenye taulo lenye unyevu, halafu naenda kupika. Nikirudi nazungusha jani moja kwenye kidole. Likilia "kwa!" bado lina kiu. Nikilikamua likatoa maji, limelewa, na hilo litaota ukungu na kubadilika rangi kabla kikapu hakijafika mdomoni. Loweka ya kutosha saa moja au mbili za kazi, siyo mzigo mzima.

Kanuni ni hiyo hiyo kwa ganda la mgomba, ukindu, na hata maganda ya mahindi, ambayo huku kwetu baada ya mavuno yamelala kila ua yakingoja ng'ombe. Chukua yale ya ndani, membamba. Ya nje ni makavu na yana kiburi. Kausha kivulini penye upepo kama unataka rangi yake ibaki, maana jua hupausha. Kipupwe cha Juni hadi Agosti ndicho rafiki yetu hapa mjini. Ukiwa Tukuyu usinisikilize. Huko hata soksi hukauka kwa kudra.

"Vikapu vya Iringa ni vya ukindu"

Si kweli. Ukindu ni majani machanga ya mkindu, jamaa wa mtende, na mikeka mingi mizuri hutokana nao. Milulu ni mmea mwingine kabisa. Wauzaji wa mijini huita vyote ukindu kwa sababu mteja analijua neno hilo.

"Mwanzi ni mwanzi, kata popote"

Kuna mzee mmoja njia ya kwenda Njombe aliyenicheka nilipomwomba mianzi kutoka kwenye kichaka chake. "Hiyo ni ya kunywa, binti yangu." Alikuwa sahihi kuliko nilivyodhani. Ulanzi, ile pombe ya mwanzi, hugemwa kwenye chipukizi changa wakati wa mvua: kinakatwa ncha, na kinakatwakatwa tena asubuhi na jioni ili kiendelee kutoa maji. Chipukizi kilichofanyiwa hivyo hakikui tena kuwa mwanzi mrefu wa kuchana fito. Kwa hiyo mwenye kichaka hana budi kuchagua vipi vya kunywa na vipi vya kusukia, na usishangae kama vya kunywa vinashinda.

Ukishapata wa kusukia, kuna adui mwingine. Umewahi kuona ungo unaodondosha vumbi jeupe, ukifikiri ni unga uliobaki? Huyo ni fukusi, yuko ndani anakula. Anachokifuata ni wanga ulio kwenye mwanzi. Wazee walilijua hilo kwa njia yao: walikata kiangazi, wakalaza mianzi kwenye maji yanayotiririka kwa wiki kadhaa, na chombo kilichosukwa wakakitundika juu ya mafiga. Maji hupunguza wanga, moshi humfukuza mdudu. Leo tunakata Machi mvua ikinyesha, tunasuka kesho yake, tunapaka vanishi, kisha tunasema vitu vya asili havidumu. Vanishi kwa mwanzi wenye fukusi ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba.

"Tia chumvi na siki, rangi haitatoka"

Laiti ingekuwa hivyo. Siki husaidia rangi fulani kushika kwenye sufu na hariri, yaani manyoya na nyuzi za wadudu. Milulu, mkonge na pamba ni mimea, na mimea ina tabia zake. Chumvi husaidia baadhi ya rangi za dukani kuingia kwenye pamba, lakini haiwezi kuifanya manjano ya jikoni isipauke. Bizari ya manjano hushika vizuri siku ya kwanza hata bila kitu chochote, inapendeza hadi unataka kupiga picha, halafu jua linaila. Piga hiyo picha mapema.

Kinachoshikisha rangi kwenye mmea ni ule ukakasi unaokausha ulimi ukinywa chai ya rangi iliyokaa sana, ukifuatiwa na shabu. Na ukakasi huku Nyanda za Juu Kusini si wa kutafuta. Kampuni ya miwati ya Njombe ilianzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya magome ya mti huo, yaliyojaa ukakasi, maana ndiyo yanayotengeneza ngozi. Chemsha magome ya muwati, lowesha milulu humo, kisha ipitishe kwenye maji ya shabu, ndipo uitie kwenye rangi ya maganda ya vitunguu. Utapata dhahabu inayovumilia.

Siki ina kazi yake, ila siyo ile uliyoambiwa. Tia misumari yenye kutu ndani ya siki, iache wiki nzima kwenye chupa isiyofungwa kwa nguvu. Maji yale yakikutana na milulu iliyopitia magome ya muwati, yanageuka kijivu na kwenda kwenye weusi mbele ya macho yako. Usizidishe tu, kwa sababu chuma kingi hula nyuzi, na baada ya muda sehemu nyeusi ndizo zinazokatika kwanza.

"Kusukia plastiki ni kuokoa mazingira"

Hapa nitawaudhi marafiki. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kikapu kimerudi sokoni kwa heshima, na pamoja nacho vimekuja vya tepe za kufungia maboksi na vya viroba vya salfeti vilivyochanwa. Ni vyepesi, havioti ukungu, vinabeba nyanya za Ilula bila kulalamika. Nami nimesuka kadhaa.

Lakini salfeti haipendi jua, na Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako jua huchoma kuliko pwani hata siku ya baridi. Kikapu changu cha salfeti nilichokiacha barazani kilianza kumeguka kabla ya mwaka kuisha, vipande vidogo vyeupe vikaingia kwenye maua na kwenye mdomo wa kuku. Kiroba kizima kingeokotwa kwa mkono mmoja. Vile vipande nani ataviokota? Plastiki isukiwe kitu kinachokaa ndani au kivulini, na kikianza kumeguka kiondolewe mara moja. Usiunguze ncha kwa kiberiti ili zisifumuke, moshi wake unauvuta wewe. Zipinde zirudi ndani ya msuko. Kiroba cha mbolea, hata kikioshwa, kibaki kikapu cha shambani, kisiguse chakula. Vifungashio vya viuatilifu visisukiwe chochote, hata viwe na rangi nzuri namna gani.

"Wakata milulu ndio wanaokausha mabonde"

Jani likikatwa juu ya maji, shina lililo kwenye tope huchipua tena. Bonde haliwezi kurudi likishachimbiwa mitaro, likageuzwa bustani, au likapandwa mikaratusi hadi ukingoni. Najua vinyungu, yaani bustani za mabondeni, ndivyo vinavyolisha watu kiangazi, na simlaumu mtu anayepanda maharage ili watoto wale. Ila Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60, na mwenye mundu mdogo anayechukua majani na kuondoka si wa kuwekwa kapu moja na mwenye jembe. Anayeng'oa na mizizi, huyo nitamsema na mimi.

"Bila kitanda cha mfumi huwezi kufuma"

Boksi gumu la kadibodi linatosha. Kata vijino juu na chini, pitisha uzi wa mtande, ule unaosimama, kisha pitisha mshindio juu na chini kwa kupokezana. Mshindio wenyewe ni fulana za mtumba zisizovalika tena. Zikate kwa kuzunguka kiwiliwili, siyo kutoka shingoni kwenda chini, kwa sababu ukate ule ukiuvuta hujikunja wenyewe ukawa kama kamba. Kanga na vitenge havijikunji. Hivyo vichane tu na ukubali nyuzi zinazoning'inia.

Kila mwanafunzi wangu hutoa zulia lenye kiuno cha nyigu, pana juu na chini, jembamba katikati. Husingizia kadibodi. Kosa ni kuvuta mshindio ukanyooka. Uache ulale kama upinde kwanza, ndipo uusukume kwa uma wa jikoni.

Na ukihamia kwenye kikapu cha duara, hesabu fito zako zinazosimama. Unaposuka kwa uzi mmoja unaozunguka bila kukatwa, ziwe witiri: 15, 17, 21. Zikiwa shufwa, duru ya pili inapita pale pale ilipopita ya kwanza na hakuna msuko. Nilikaa jioni nzima nikidhani mikono yangu imelaaniwa, kumbe nilikuwa na fito 16.

"Ni kazi ya wanawake wa kijijini"

Nenda Neema Crafts pale Iringa, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Mafundi wake ni watu wenye ulemavu, wanawake kwa wanaume, na kufuma ni mojawapo ya kazi zao.

"Kikapu hakioshwi"

Huoshwa. Maji ya baridi, brashi laini, sabuni kidogo, haraka haraka. Kisichovumilia ni kulowekwa kwenye beseni kama shuka. Kikiwa bado na unyevu, kishindilie magazeti au nguo ndani kirudi umbo lake, kigeuze kitako juu, kiweke kivulini penye upepo. Kile changu cha kwanza, kile chekecheke, bado ninacho. Nakiwekea vitunguu, maana vitunguu vinataka hewa, na maganda yake nayachukua humo humo kwa ajili ya rangi.