Je, wajua kwa nini kubadili projekisheni hakugeuzi mita kuwa futi kwenye kontua za droni?

Umerusha droni, picha umezichakata, DEM (picha ambayo kila pikseli inabeba kimo cha ardhi) imetoka safi, halafu injinia anakwambia anataka kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, ziwe za futi kwa sababu ramani zake za zamani za Nairobi ziko kwenye Cassini, mfumo wa zamani wa ramani, na Cassini ya Kenya kweli inapimwa kwa futi. Wengi hapo wanafungua QGIS, programu ya ramani, wanahamisha DEM kutoka UTM, mfumo wa mita, kwenda mfumo wa futi, wanachora kontua, wanaandika "ft" pembeni, kazi imeisha. Haijaisha, kimo hakijaguswa hata kidogo.

Ukibadili projekisheni, yaani namna ya kulaza uso wa dunia kwenye ramani bapa, kinachobadilika ni X na Y basi, yaani pikseli imekaa wapi. Kimo ni namba iliyoandikwa ndani ya pikseli, na mara nyingi hakuna kinachosema ni mita au futi, ni 1700 tu. Chukua duka la Namanga upande wa Kenya, kila bidhaa imebandikwa kikaratasi cha bei, soda 60, sukari 200, hakuna aliyeandika shilingi ya wapi. Mwenye duka anavusha shehena yote upande wa Tanzania anaipanga kwenye rafu mpya. Rafu ni nyingine, mtaa ni mwingine, ila kikaratasi bado kinasema 60, na mteja akitoa 60 ya Tanzania akaondoka na soda yake mwenye duka asimlaumu mtu, ni yeye hakukaa chini akazidisha. Projekisheni ni mpagazi wa hiyo shehena, inabeba tu, mambo ya bei haiyajui.

Sasa ona matokeo. 1,700 ukiisoma kama futi ni mita 518, yaani Nairobi umeishusha mpaka karibu sawa na mji wa Morogoro. Na ramani yenyewe inapendeza! Mistari inazunguka vilima vilevile, mabonde yako palepale, jicho halishtuki.

Dawa ni kuzidisha: kwenye Raster Calculator ya QGIS, DEM mara 3.28084, ndipo uchore kontua. Usichore kwanza ukaja kuzidisha lebo, maana ukiagiza mstari kila 5 programu inafuata namba za DEM, ambazo ni mita, na ukizigeuza unapata mistari ya futi 16.4, 32.8, 49.2, nani anataka hiyo.

Halafu kuna wanaodhani wakiweka futi kwenye app ya kurushia basi picha nazo zitakuja na futi. Hapana, ile ni ya kuonyesha kwenye skrini tu, kimo kinachoandikwa kwenye EXIF, yaani taarifa zilizomo ndani ya faili la picha, ni mita siku zote.

Ukirithi DEM ya mtu hujui ina nini, tafuta ukuta ambao urefu wake unaujua, tuseme mita 2, chora profaili, yaani mchoro wa kimo kando ya mstari, ipite juu yake (iwe DSM, ile DEM yenye majengo na miti; iliyofutwa majengo haitakusaidia). Ikipanda kama 2 ni mita, ikipanda kama 6.5 ni futi. Ukingo wa ukuta kwenye DSM huwa umelainika kidogo, kwa hiyo 1.8 isikutie wasiwasi.

Nikiri tu kwamba "projekisheni haigusi kimo" ina ubaguzi wake: GDAL, programu inayofanya kuhamisha huko ndani ya QGIS, ikipewa mifumo iliyotaja na kimo waziwazi, pande zote mbili, inaweza kukibadilisha yenyewe. Faili nyingi za droni ninazoziona hazijataja.

Na kuna kesi inayofanana na hii ila siyo hii. DEM ya ufukwe wa Dar inaweza kukuletea hasi ishirini na kitu, bahari iko pale pale unaiona, na mtu anaanza kugawanya kwa 3.28. Hapo kitengo hakina kosa. Kipokezi cha GPS kinapima kutoka duaradufu ya WGS84, umbo la kihesabu, na pwani yetu usawa wa bahari uko chini ya hilo umbo kwa zaidi ya mita 20. Hiyo unaisahihisha kwa kutoa, siyo kuzidisha: toa thamani ya jioidi ya eneo lako, yaani usawa wa bahari uko juu au chini ya duaradufu kwa mita ngapi (modeli ya EGM2008 kwa mfano inakupa), na thamani yenyewe ni hasi kwa hiyo namba zitapanda. Kama karibu kuna benchmark ya wapima ardhi, alama yenye kimo kinachojulikana, ifunge kazi yako hapo, ndiyo injinia atakayoitumia saiti.